PIKIPIKI YA KIKUNDI IKICHEZA MKIA KWENYE KONA

(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tuongee juu ya pikipiki zetu za zamani. Vikundi vingi vinayo moja ya kupeleka maziwa, kubeba mahindi, na hata kukimbiza mama mjamzito hospitalini usiku. Ikishazeeka, huja ugonjwa huu: ukienda moja kwa moja iko sawa, lakini ukiingia kona, nyuma inayumba. Vijana wanasema inacheza mkia.

Sisi hufanya nini? Wengine huzoea tu. Wengine hutoa pesa za kikundi zinunue shoki mpya. Wiki ya pili mkia unacheza vilevile, na mweka hazina hana kitu. Kumbe shida ilikuwa bushi ya bei ndogo! Neno langu ni hili: tusinunue kitu kabla ya kujua ugonjwa. Na kuujua kunataka mikono, macho na kipande cha kamba. Tuanze na mambo yasiyo na gharama.

1. MZIGO
Gunia la mahindi la kilo 90 likifungwa nyuma kabisa ya gurudumu, linainua mbele na kuyumbisha nyuma. Mitungi miwili ya maji ya lita 20 ni kilo 40, na isipojaa maji hucheza ndani. Tikiseni keria pia, muone kama nati zake zimelegea. Halafu mwendeshaji ajaribu bila mzigo, polepole, mahali pasipo magari. Mkia ukitulia, mzigo una lawama. Lakini msiishie hapo, maana mzigo hufichua udhaifu uliokuwako.

2. TAIRI
Pimeni upepo asubuhi, tairi likiwa baridi. Kipimo kiko katika kitabu cha pikipiki. Tairi lenye upepo kidogo hujikunja ubavuni kwenye kona.

Kisha chuchumaeni nyuma mlitazame umbo lake. Tairi zuri ni la mviringo. Lililotembea sana barabara iliyonyooka huisha katikati, likawa bapa. Ukilaza pikipiki kwenye kona, linapanda ukingo wa ule ubapa, nawe unasikia nyuma imeruka kando. Hilo halina dawa ila kubadilishwa. Mkinunua jingine, someni tarakimu nne ubavuni: 3418 maana yake limetengenezwa wiki ya 34 ya mwaka 2018. Mpira mkuukuu hukauka hata kama meno yapo.

3. GURUDUMU KUKAA SAWA
Kila mara cheni inapokazwa, gurudumu linaweza kukaa upande. Zile alama za kukazia cheni, kushoto na kulia, zilingane. Pikipiki ya zamani alama zake zaweza kudanganya, kwa hiyo chukueni kamba. Pimeni kutoka katikati ya boliti inayoshika uma wa nyuma hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili. Urefu uwe mmoja. Hakikisheni nati ya ekseli imekazwa. Kama gurudumu lina spoku, gongeni kila moja kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kufa.

4. BERINGI AU BUSHI?
Hapa ndipo watu hupotea. Simamisheni pikipiki kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma lining'inie. Mtu mmoja ashike mbele pasitikisike. Wa pili ashike tairi kwa mikono miwili, alisukume kulia na kushoto. Wa tatu atazame kwa makini.

Gurudumu likicheza na uma umetulia, beringi za gurudumu zimeisha. Uma wote ukicheza pamoja na gurudumu, bushi za uma zimeisha au boliti yake imelegea. Kwa kuhakikisha, shikeni uma wenyewe karibu na ekseli, muutikise upande kwa upande. Uende juu na chini tu. Mkisikia "kok, kok", mmeupata ugonjwa.

5. SHOKI
Bonyezeni kiti kwa nguvu, kisha mwachilie. Kipande mara moja, kitulie. Kikirukaruka, shoki haizuii tena springi. Tazameni pia kama mafuta yanavuja. Zile ngazi za kukaza springi ziwe sawa kushoto na kulia. Mkibadilisha, badilisheni zote mbili.

Kama yote haya ni mazima na mkia bado unacheza, chunguzeni beringi za usukani, maana ulegevu wa mbele wakati mwingine husikika nyuma. Kisha fundi atazame fremu: imepinda? Imepasuka mahali ilipochomelewa zamani?

Rekebisheni kitu kimoja, mjaribu, mwandike kwenye daftari, ndipo mwende kwa kingine. Mkibadilisha vitatu pamoja, hamtajua kilichoponya.

Sasa neno gumu. Mkikuta beringi au bushi imeisha, pikipiki isitoke. Najua siku moja bila kazi ni hasara, na mwenye maziwa atanung'unika. Lakini anayekaa nyuma ya mwendeshaji ni mama yetu au mtoto wetu, naye hakuulizwa kama anakubali hatari hiyo. Mwendeshaji naye akisema "haiko sawa", kamati isimwone mvivu. Yeye ndiye anayesikia kwanza. Na ikimshika kona katikati, asikanyage breki kwa ghafla. Apunguze moto polepole na kuishika imara mpaka inyooke.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya mkutano wenu ujao, watu watatu na kamba yao wapime pikipiki ya kikundi, kisha wasomee wanachama walichokiona.