Dishi la Sydney Haliifikii Dar

Kwa familia zetu za Blacktown na Auburn, swali huwa moja: dishi lipi litatuletea bure stesheni za nyumbani? Hakuna. Setilaiti za televisheni husimama juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini. Zile za nyuzi 36 mashariki, zinazohudumia Afrika, hapa Sydney kwenye nyuzi 151 ziko chini ya upeo wa macho. Dunia yenyewe imezikinga, na dishi hata liwe kubwa namna gani halitazipata. Fundi anayekuahidi TBC ya Tanzania au KBC ya Kenya kwa njia hiyo anakula pesa yako bure.

Ipo huduma ya VAST, ya setilaiti za Optus, inayorusha bure ABC, SBS na stesheni za biashara za hapa Australia. Lakini iliwekwa kwa ajili ya wanaoishi mbali na wale ambao mawimbi ya minara hayawafikii. Inataka kisimbuzi chake, kadi, na maombi. Mkaazi wa jijini anayepata mawimbi vizuri haimhusu. Tangu analojia ilipozimwa hapa Desemba 2013, antena ya paa iliyoelekezwa vizuri inatosha, na stesheni ni zilezile.

Kinachobaki ni hitaji la Kiswahili, hasa kwa bibi anayeshinda nyumbani peke yake na Kiingereza hakimwingii. Huyo namwonea uchungu. Pesa ya dishi ningeilipia intaneti, nimfungulie taarifa ya habari ya Dar au Nairobi kwenye YouTube.