Jina la Vuga Lirudi Vitabuni

(Maneno ya kamati katika harambee ya mwaka)

 

Mmezoea tukiwaomba bati, saruji na madawati. Mwaka huu, pamoja na hayo, tunawaomba karatasi na wino.

Vuga si mgeni wa vitabu. Hapa palikuwa makao ya wafalme wa Kilindi. Wamisioni wa Betheli kutoka Ujerumani walipofungua kituo chao, kazi ya uchapaji ikafuata. Vuga Mission Press ilichapa vitabu vya Kishambaa na vya Kiswahili, na hata vilivyotoka Soni baadaye viliendelea kubeba jina la Vuga Press. Mtu asiyeijua hata njia ya Mombo alifungua kitabu akakuta jina la kwetu.

Habari zetu wenyewe je? Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi ilianza kuchapwa Magila mwaka 1895. Tunaiheshimu sana. Lakini, kama jina lake linavyosema, ni habari za watawala. Mama aliyelima mgunda, fundi wa mifereji na mtoto aliyechunga mbuzi bado wamo vinywani mwa wazee tu.

Mwaka jana vijana wetu walifanya mazoezi ya mchezo wa Mbegha na simba katika uwanja wa shule. Katikati ya mchezo mzee mmoja akasimama: "Hapana, wanangu, si hivyo." Akaeleza alivyosikia kwa bibi yake, na watu wote wakanyamaza kumsikiliza. Tulipanga kurudi kwake na simu ya kurekodi. Nauli ilichelewa wiki tatu. Tulipofika, tulikuta matanga.

Kwa hiyo tumeamua. Vijana watarekodi wazee, watatunga mchezo mfupi na kuucheza kijijini. Wazee watausahihisha mbele ya watu. Kisha maneno yaliyosahihishwa tutayachapa katika kijitabu: ukurasa mmoja Kishambaa, wa pili Kiswahili. Asiyenunua kitabu atakuja kutazama mchezo. Aliyetazama atataka kitabu cha kuwasomea watoto wake. Fedha za mauzo zitachapa kijitabu kinachofuata.

Wapo waliotuuliza: maji hayajatosha, kwa nini vitabu? Swali ni la haki, na mfuko wa maji hatuugusi. Lakini bomba likichelewa mwaka mmoja, litafungwa mwaka ujao. Mzee akiondoka, hatumpati tena.

Tunaomba kila kaya ichangie shilingi 20,000 kwa nauli, karatasi na uchapaji. Asiye na fedha atuletee jina la mzee wa kwao, na asikawie.

Hesabu zote tutazisoma hapa hapa mwakani, na kijitabu cha kwanza kikiwa mezani.