Nyimbo za Majilio: Kumwita Bwana



Wapenzi wasikilizaji wa Bunia, nanyi mkaao mbali katika vijiji vya Djugu na Irumu, leo tutafundishana juu ya nyimbo za Majilio, yaani zile Dominika nne zitutayarishazo kwa Noeli.

Wakristu wengi huuliza: «Kwa nini katika Dominika hizo hatuimbi Utukufu?» Swali hilo ni la haki, maana sisi Wakongo twaupenda sana wimbo huo. Katika taratibu ya Misa iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya nchi yetu, twauimba kwa ngoma, nao wahudumu huizunguka altare kwa kucheza. Sikilizeni basi jibu. Malaika walimtukuza Mungu kwa wimbo huo usiku ule Mwokozi alipozaliwa. Kanisa hulifanya kama mama awekaye akiba mbegu bora mpaka mvua ifike: linautunza wimbo huo, ili usiku wa Noeli uwe mpya midomoni mwetu. Lakini Aleluya hatuiachi, kwa sababu Majilio si Kwaresima. Ni wakati wa kungoja kwa furaha. Ngoma na kinanda havikatazwi, ila vipigwe kwa kiasi.

Nyimbo za Majilio zina neno moja kubwa, nalo ni hili: Njoo. Twamwita nani? Twamwita yeye aliyekuja kwanza Betlehemu, atakayekuja tena kwa utukufu siku ya mwisho, naye hutujia kila siku katika Neno lake na katika Ekaristi. Tangu tarehe 17 hadi 23 Desemba, katika sala ya jioni, Kanisa humwita kwa majina saba: Hekima, Bwana, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Jua la Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa, Emanueli. Ukizitwaa herufi za kwanza za majina hayo kwa Kilatini, na kuzisoma kutoka la mwisho kurudi la kwanza, utapata maneno yenye maana hii: Kesho nitakuwapo. Tazama, aitaye amekwisha kujibiwa.

Labda mmoja wenu asema: «Mwalimu, mimi nimezika watoto wangu, nimelikimbia shamba langu, nitaimbaje?» Ndugu yangu, neno lako ni zito. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viliua watu wengi mno katika Ituri, na tangu mwisho wa mwaka 2017 wengi wamelala tena katika kambi za wakimbizi. Lakini ufahamu neno hili: aliyeshiba amani haiti «Njoo». Manabii walimtangaza Mwokozi kwa taifa lililoshindwa vitani na kuhamishwa mpaka Babeli. Basi wimbo huu ni wako wewe kuliko wa mtu mwingine.

Walakini, amwitaye mgeni hufagia kwanza ua wake. Isaya aliona mataifa wakizifua panga zao ziwe majembe. Yohane Mbatizaji aliamuru njia ya Bwana inyoshwe. Mhema na Mlendu, Mbira na Mualuri, wakisimama katika kwaya moja, sauti zao zikipatana na mioyo yao ikikataana, Mgeni ataingilia mlango upi? Kabla ya kwenda kujizoeza wimbo, nenda kwa jirani mliyekosana naye.

Sasa tujibu pamoja.

Swali: Wimbo wa Majilio ni nini?
Jibu: Ni sala ya kumwita Bwana aliye karibu.

Swali: Nani aimba vema?
Jibu: Ni yule amfunguliaye ndugu yake mlango.

Jioni hii, katika nyumba zenu, imbeni wimbo mmoja wa Majilio pamoja na watoto, kila mmoja kwa lugha aijuayo. Bikira Maria, aliyemngoja Mwana kuliko wote, atuombee. Amina.