Fedha za Watoto Ziwe na Jina



Wiki hii ukitoka Kitale kuelekea Kwanza utakuta matrekta yako shambani tangu alfajiri. Ardhi inapinduliwa, mabua ya mwaka jana yanafukiwa, na kila mwenye shamba anapiga hesabu ya mbegu na mbolea kabla mvua ya Machi haijashuka. Hakuna mkulima wa Trans Nzoia anayengoja Juni ndipo aanze kulima. Anajua akichelewa, mahindi ya wenzake yatakuwa yamefika kiunoni naye ndio kwanza anatafuta jembe.

Kuna shamba jingine linalolimwa mwezi huu huu wa Februari, na huko wengi wetu hatuonekani. Ni bajeti ya kaunti. Leo nazungumzia pembe moja tu ya shamba hilo: fedha za watoto wa chekechea na za vijana wa vyuo vya ufundi. Nasema fedha hizo ziwe na jina lake, zijulikane ni kiasi gani, na jina hilo lilindwe kwa sheria ya kaunti.

Nianzie darasani. Mwaka jana niliketi asubuhi nzima katika chekechea moja huku kwetu. Watoto walifika na kikombe cha plastiki mkobani na kijiti cha kuni mkononi. Wazazi walikuwa wamekubaliana kila mmoja alete gorogoro moja ya mahindi kwa muhula, yasagwe, watoto wapate uji. Mwalimu alikuwa na daftari dogo la majina, na mbele ya kila jina alama: ameleta, hajaleta. Uji ulipoiva, ambao hawajaleta hawakufukuzwa. Mwalimu alihesabu vichwa, akaangalia sufuria, kisha akaanza kupakua kwa upawa uliojaa nusu na kitu, kikombe hadi kikombe, bila kuzidisha wala kupunja. Mtoto wa mwisho alipata sawa na wa kwanza.

Nilimtazama nikasema moyoni: mwanamke huyu anajua kutengeneza bajeti. Ana sufuria moja, idadi ya watoto anaijua kabla hajachota, na hasahau mtu. Je, kaunti inapopakua yake, nani ameshika upawa, na watoto hawa wamehesabiwa?

Msikilizaji, Katiba ya mwaka 2010 iligawa kazi. Katika Jedwali la Nne, shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu vilibaki kwa serikali ya kitaifa. Chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto vikapewa kaunti. Mtoto akiingia gredi ya kwanza, serikali ya kitaifa imemwekea kiwango cha shilingi 1,420 kwa mwaka. Akifika sekondari, kiwango ni shilingi 22,244. Fedha hizo huchelewa, na mara nyingi huja pungufu. Walimu wakuu wamelia hadi wamekauka koo. Lakini kwa kuwa kiwango kinajulikana, upungufu nao unajulikana. Mzazi anaweza kulalamika, mwandishi anaweza kuandika, mbunge anaweza kuuliza. Mtoto wa miaka minne hana kiwango kama hicho kutoka Nairobi. Kaunti ikimsahau, hana baba mwingine wa kumkimbilia.

Vijana wa vyuo vya ufundi walikuwa na kiwango chao, wakakipoteza. Kwa miaka kadhaa serikali ya kitaifa ilizipa kaunti ruzuku maalumu ya vyuo hivyo, iliyopigiwa hesabu ya shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 ruzuku hiyo ilimezwa ndani ya mgao wa jumla wa kaunti. Kwenye karatasi, fedha zipo. Kilichoondoka ni jina. Na fedha ikishapoteza jina inatiwa mfuko mmoja na mishahara, mafuta ya magari na madeni ya wanakandarasi, na huko mwenye sauti kubwa ndiye anayechota kwanza. Msichana wa darasa la ushonaji anayengoja zamu yake kwenye cherehani moja na wenzake watatu hana sauti hiyo.

Najua unataka kuniuliza: na basari je? Basari imesomesha watoto wengi wa Trans Nzoia na Bungoma, na mzazi aliyelipiwa karo simwambii asishukuru. Lakini tuitazame vizuri. Basari ni kuomba. Unachukua fomu, unatafuta sahihi ya chifu, unapanga foleni, kisha unangoja kusikia kama jina lako limo. Na msingi wake wa kisheria umetikiswa. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya NG-CDF, mfuko unaotoa basari katika maeneobunge yote 290, inakwenda kinyume na Katiba. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, naye akaziambia kaunti kwamba karo za sekondari na vyuo vikuu si kazi yao, na wakitaka kuzilipa sharti kwanza waandikiane mkataba na serikali ya kitaifa. Magavana wakapinga, ubishi ukafika kortini. Katika kelele zote hizo, sikumsikia mtu akitaja chekechea. Tunagombania kazi ya jirani ilhali ya kwetu imelala.

Sasa, jina lina faida gani? Wasikilizaji wangu wa Bungoma mnakumbuka zile wilbaro kumi. Mwaka 2015 nchi nzima ilijua kwamba kaunti ilizinunua kwa zaidi ya shilingi 100,000 kila moja. Tulijuaje? Kwa sababu ziliandikwa: wilbaro, kumi, kwa bei hii. Mama muuza mboga wa Chwele anajua bei ya wilbaro, akaweza kusema hapana. Zingefichwa ndani ya fungu linaloitwa vifaa mbalimbali, zingepita kimya.

Hapo kwa jirani zetu Tanzania, tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo umekuwa na maradhi yake. Mikopo mingine haikurudi, na mwaka 2023 serikali iliusimamisha ili kuutengeneza upya, kisha ukarudi mwaka 2024. Lakini ona jambo moja. Uliposimamishwa, kila kijana aliyekuwa na kikundi alijua kilichosimama ni kitu gani na ni asilimia ngapi. Aliweza kukidai kwa jina.

Na mbali zaidi, katika mji wa San Francisco huko Marekani, watetezi wa watoto waliokuwa wakiongozwa na mama mmoja, Margaret Brodkin, walichoka kwenda kubisha mlango wa halmashauri kila msimu wa bajeti. Mwaka 1991 walipeleka hoja kwa wapiga kura: sehemu maalumu ya kodi ya majengo na ardhi itengwe kwa watoto, na mtu asiiguse kwa kazi nyingine. Wananchi wakakubali, na wakaupitisha mfuko huo upya mwaka 2000 na 2014. Mji ule una utajiri ambao sisi hatuna, lakini walichofanya hakikuhitaji utajiri. Walikaa, wakaandika hoja moja, wakaisimamia hadi ikapita.

Sisi tunakosea wapi? Tunakosea msimu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe. Kufikia 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka uwe mezani mwa bunge la kaunti. Kufikia 28 Februari, uwepo waraka wa mkakati wa fedha. Kufikia 30 Aprili, makadirio yenyewe. Tarehe 1 Julai mwaka mpya unaanza. Sasa shika hii: Februari ndipo mafungu yanapokatwa. Afya hiki, barabara hiki, kilimo hiki, elimu hiki. Baada ya hapo, kinachobaki ni kugawana ndani ya fungu.

Nilihudhuria kikao kimoja cha maoni ya wananchi mwezi Mei. Kitabu cha bajeti kilikuwa kimoja, kinene, cha Kiingereza, na kilikaa mikononi mwa afisa. Sisi tulipewa karatasi ya kutia sahihi. Mama mmoja akasimama akaomba darasa la chekechea, kwa sababu mwanawe anasomea chini ya mti wa avokado, na mvua ikinyesha masomo yamekwisha. Akajibiwa kwa upole: mama, mafungu yameshapitishwa, ulete mwakani. Akaketi, akajifunga leso vizuri, akanyamaza. Alichoambiwa kilikuwa kweli. Alikuja kupanda wakati wenzake wanapalilia, na hakuna aliyekuwa amemwambia mvua ilinyesha lini.

Kuna atakayesema barabara nayo ni ya watoto, na ukiifunga serikali mikono kwa mafungu maalumu, siku ya dharura itakwama. Hoja hiyo ina uzito. Barabara mbovu inamchelewesha mama mjamzito na inaozesha mahindi ya mzazi anayelipa karo. Lakini barabara ina mwanakandarasi wa kuikumbusha ofisi kila asubuhi. Mishahara ina vyama vya wafanyakazi. Mtoto wa miaka minne hana chama, hana kura, na hawezi kugoma. Kumwandikia fungu lake ni kumpa kiti mahali ambapo wengine wote wameketi tayari.

Kwa hiyo nawaambia vijana hasa. Juni 2024 mliisomea nchi hii Mswada wa Fedha kipengele kwa kipengele, mkaufafanua kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, hadi muuza mitumba akajua kodi ipi inamgusa. Mswada ukaondolewa, na wapo wenzenu waliolipa kwa uhai wao katika maandamano. Macho yale yale yanahitajika kwenye kitabu cha kaunti, ambacho mwaka baada ya mwaka kinalala bila msomaji. Eneobunge la Kwanza lina wadi nne tu: Kapomboi, Kwanza, Keiyo na Bidii. Kila wadi ikipata vijana watano wa kuhesabu chekechea zake, watoto wake, madarasa yake na cherehani za chuo chake, ndani ya mwezi mmoja tutakuwa na hesabu ambayo hakuna afisa atakayeipuuza.

Kisha tuiandike hoja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kulipelekea bunge la kaunti ombi la kutunga sheria. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, kifungu cha 116, inairuhusu kaunti kuunda mfuko maalumu kwa idhini ya bunge lake. Njia imelimwa. Tuombe mfuko wa watoto na vijana, wenye kiwango kilichoandikwa kwa kila mtoto wa chekechea na kila mwanafunzi wa chuo cha ufundi, na matumizi yake yabandikwe ukutani katika kila wadi, kwa Kiswahili. Na Agosti 2027 wagombea watakapokuja na ahadi, tuwaulize kama watauunga mkono mfuko huo, ndiyo au la.

Lakini la leo ni dogo, msikilizaji. Tarehe 28 Februari haijafika. Nenda kwa msimamizi wa wadi yako, au kwa mwakilishi wadi uliyempigia kura, ukaulize mambo mawili: watoto wa chekechea wa hapa ni wangapi, na fungu lao ni shilingi ngapi? Ukijibiwa, andika jibu na tarehe. Usipojibiwa, andika pia. Mwakani urudi na daftari lilelile.

Mwalimu wetu wa uji anaweka alama mbele ya jina la kila mzazi: ameleta, hajaleta. Wakati umefika wa kuongeza jina moja chini ya orodha yake, jina la kaunti, na alama mbele yake.