Kanisa Kuu la Azania Front na Miaka Mia ya Usharika Wetu

Hotuba kwa Washarika na Wageni wa Dayosisi, Nyakahura



Nimeombwa niseme machache juu ya safari ambayo usharika umeazimia kuifanya katika mwaka huu wa Jubilei, yaani kulizuru Kanisa Kuu la Azania Front jijini Dar es Salaam. Huenda wako wanaojiuliza, Nyakahura na Azania Front vina uhusiano gani? Jibu la kwanza liko hapo barabarani. Malori yanayopita hapa usiku na mchana kwenda Rusumo, na kuendelea Rwanda na Burundi, mengi yamepakia mizigo katika bandari ya Dar es Salaam. Na Kanisa la Azania Front limesimama likiitazama bandari hiyo hiyo. Jibu la pili ni la historia, nalo ndilo lililonisimamisha mbele yenu.

Kwanza nilieleze jengo lenyewe. Ujenzi wake ulianza mwaka 1898 chini ya wamishonari wa Kijerumani, na ilipofika mwaka 1902 lilikuwa limekamilika. Mtu akishuka Posta ya Zamani, kando ya Barabara ya Sokoine, hulitambua mara moja kwa mnara wake na kwa mapaa ya vigae vyekundu juu ya kuta nyeupe. Hata madirisha yamejengewa vipaa vidogo vya vigae, kana kwamba kila dirisha limevishwa kofia. Sura hiyo ni ya makanisa ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Si mbali na hapo liko Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la ndugu zetu Wakatoliki, lililojengwa katika miaka ile ile, kati ya 1897 na 1902.

Tusifiche kwamba hizo zilikuwa zama za kutawaliwa. Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya serikali ya Kijerumani tangu mwaka 1891. Mwaka huo huo wa 1898 ulipoanza ujenzi, wenyeji walianza kutozwa kodi ya nyumba; na miaka mitatu baada ya jengo kukamilika, yaani mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilianza. Basi yupo anayeweza kuuliza kwa haki kabisa: kwa nini Mkristo wa leo alienzi jengo lililosimamishwa chini ya bendera ile?

Ndugu zangu, sisi wa Biharamulo na Ngara tunao mfano wa kutusaidia. Biharamulo lipo boma la Wajerumani. Boma lile na kanisa lile ni vya dola moja na zama moja. Lakini boma lilijengwa ili watu watawaliwe, na liliwategemea watawala. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Biharamulo, na Septemba mwaka huo huo Waingereza waliitwaa Dar es Salaam. Wenye boma wakaondoka, na utawala wao ukaondoka pamoja nao.

Wamishonari wa Kijerumani nao waliondolewa. Ilipofika mwaka 1920 walikuwa wamefukuzwa katika nchi. Kama Kanisa lingekuwa mali yao tu, lingekufa siku ile. Halikufa. Katika Uzaramo walimu wa Kiafrika walilitunza kundi, na miongoni mwao alikuwamo mwalimu Martin Ganisya. Katika Buhaya nako, waumini walikuwa wamekwisha kuisoma Injili kwa Kiganda, kutoka Uganda, kabla mmishonari Mlutheri hajakanyaga Bukoba; kwa hiyo wamishonari walipoondoka, imani haikuondoka. Hiyo ndiyo tofauti kati ya boma na kanisa. Jengo lililopata watu wa kulipokea liliendelea kuishi.

Sasa nirudi kwenye uhusiano wetu. Kazi ya Kilutheri Dar es Salaam ilianzwa mwaka 1887 na mmishonari Greiner, aliyetumwa na shirika lililoundwa Berlin mwaka 1886. Mwaka 1903 shirika hilo liliikabidhi kazi ya Uzaramo kwa Misheni ya Berlin, likabaki na Usambara. Kutoka Usambara mmishonari Ernst Johanssen alikwenda Rwanda mwaka 1907, kisha akafika Bukoba mwaka 1910. Shirika hilo ndilo tunalolijua kwa jina la Bethel. Kwa hiyo mkono uliopanda mbegu pwani ndio uliokuja kupanda katika pande zetu hizi za magharibi ya Ziwa. Tutakaposimama Azania Front hatutakuwa watalii katika nyumba ya wengine; tutakuwa wajukuu waliokwenda kumwamkia bibi.

Na magharibi haikubaki kupokea tu. Makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Bukoba ilikuwamo. Mwaka 1964 Josiah Kibira akawa Askofu wa Bukoba baada ya Bengt Sundkler kutoka Sweden. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1977, Walutheri wa dunia walikutana katika jiji lile lile la Dar es Salaam, wakamchagua Kibira kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Katika mji ambao gavana wa Kijerumani alitoa amri, mwana wa Buhaya alikabidhiwa uongozi wa Walutheri wa mataifa yote, Wajerumani wakiwamo.

Basi tutakapofika, nawaomba tutazame mambo mawili. Tutazame vigae na mbao za paa. Jengo halidumu zaidi ya miaka mia moja na ishirini karibu na chumvi ya bahari kwa sababu Mjerumani alijenga vizuri tu. Linadumu kwa sababu kila kizazi kilipanda juu kuziba panapovuja. Kisha tutazame kuta, na tukumbuke mikono iliyobeba mawe. Historia za misheni ziliandikwa zaidi na wamishonari, na majina yao yametunzwa. Majina ya mafundi na wapagazi ni machache mno.

Hapo ndipo neno langu linaporudi nyumbani. Limekuwapo wazo la kulibomoa kanisa letu la kale na kujenga kubwa mahali pake. Wanaolitoa wana sababu: tumeongezeka, watoto wanasimama nje, na kutunza majengo mawili ni gharama. Sipingi kujenga. Ila naomba kanisa jipya lijengwe kando, na la kale litengenezwe paa, liwe la Shule ya Jumapili na la kutunzia kumbukumbu za usharika. Na hata kama mkutano wa usharika utaamua vingine, jiwe la kwanza lisiondolewe kabla wazee wetu walio hai hawajaulizwa na kuandikwa: nani alifyatua matofali, mama gani waliteka maji ya udongo, mwalimu gani alifundisha chini ya mti kabla ya kuta kuwapo. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Tukibomoa leo na kuuliza kesho, tutakuwa tumepoteza mara mbili.

Mtume Petro aliwafananisha waumini na mawe yenye uhai ambayo Mungu huyajenga kuwa nyumba yake. Miaka mia ijayo, watu tusiowajua watasimama hapa Nyakahura na kuuliza waliwatangulia akina nani. Tuwaachie majina, na tuwaachie angalau ukuta mmoja wa kuushika kwa mikono yao.

Mungu aubariki usharika wetu, na aibariki safari yetu. Amina.