Maneno kwa Wanaojifunza Pikipiki



Wengi wetu tunatumwa na matajiri kupeleka barua na mizigo kwa pikipiki, na wengine twabeba abiria. Sheria ya Kenya yataka kila mmoja ajifunze na kupimwa kabla ya kupewa leseni. Tusidhani ni njia ya kula fedha zetu tu.

Tutafundishwa nini? Kwanza, alama za barabara. Kisha kiwanjani: kubadili gea, kukata kona polepole, kutazama nyuma kabla ya kugeuka. Halafu breki. Mwendo wa kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kila sekunde. Ukizubaa sekunde moja, mita 10 zimekwisha kabla hujagusa breki. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwani uzito hukimbilia mbele. Itumieni pamoja na ya nyuma, wala msiikamate kwa ghafula. Mwisho ni barabarani. Mwalimu akisema rudia, rudia; usione haya.

Helmeti na koti la kung'aa ni sheria, na abiria ni mmoja tu.

Sasa haki yetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri awafundishe wafanyi kazi wake na kuwapa vifaa vya kujikinga. Akikuambia upande bila leseni, kataa kwa adabu, na umwarifu mwakilishi wa chama siku ile ile. Kazi twaitaka, lakini mguu ukivunjika, watoto watakula nini?