NGOZI YA MGONJWA ANAYETIBIWA KWA MIONZI
(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi na wananchi)



Nimetakiwa nizungumzie jambo linalodhaniwa dogo, nalo ni ngozi ya mgonjwa wa saratani anayepata tiba ya mionzi. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wamekuwa wakivuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na wapo wanaotamani kupanda boti kurejea kabla ya siku zao kutimia, kwa kuwa ngozi imegeuka na jamaa wamesema, "Umeungua." Huenda neno lenyewe "kuchomwa mionzi" ndilo linalotutia hofu. Hakuna moto hapo. Mionzi huua seli za uvimbe, na inapopita kwenye ngozi huzidhuru pia seli changa zinazoifanya ngozi ijizae upya.

Kwa kawaida tiba hutolewa siku 5 kwa wiki, mara nyingi kwa wiki 3 hadi 7. Dalili huanza yapata wiki ya 2 au ya 3: ngozi hukauka na kuwasha, na ikiwa ni nyeusi huzidi weusi badala ya kuiva wekundu. Penye mikunjo, yaani kwapani, chini ya ziwa na kinenani, yaweza kuchubuka na kutoa maji. Tiba ikisha, dalili zaweza kuzidi kwa wiki 1 au 2, kisha nyingi hupoa katika muda wa mwezi hivi. Mwenye kulijua hili hatashtuka.

Mgonjwa aoge kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, ajikaushe taratibu bila ya kusugua, wala asifute alama alizochorwa na wataalamu. Avae nguo pana za pamba. Kanga kuukuu yafaa kuliko sidiria ya kubana. Mahali hapo asinyoe kwa wembe, asibandike plasta, asikande kwa maji ya moto wala barafu, asipigwe na jua. Singo, liwa na manukato viwekwe kando mpaka ngozi ipone. Nawaambia hasa akina shangazi, ambao huruma yao huja na kibakuli. Mafuta laini yasiyo na harufu huruhusiwa, ila aulize kwanza, na daktari aweza kuamuru marhamu ya steroidi mapema ili kupunguza ukali. Palipochubuka pafungwe kwa bendeji isiyogandana na kidonda. Akipata homa au usaha, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kubwa zaidi ni kutokatisha tiba. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, tiba hutakiwa ikamilike ndani ya wiki 8, kwani siku zinazopotea huipa saratani nafasi ya kukua tena. Wakuu wa Idara wanaombwa wanapotoa ruhusa wazihesabu pia zile wiki 2 za baada ya tiba, na mtumishi asirejeshwe kwenye kazi ya juani.

Na aliyetibiwa kwa mashine ya nje harudi na mionzi mwilini. Ale sinia moja na wenziwe, awapakate wajukuu wake.